Pembe Sita

Miaka ishirini na saba nimesokota kamba.
Mkonge umenila ngozi ya vidole
hata siku ya kusajili laini ya simu
mashine ikakataa kuamini kwamba mimi ni mtu.
Leo nimeshika kulabu ya plastiki, rangi ya waridi,
shilingi mia nane dukani kwa Mpemba,
na uzi wa sufu unaniteleza kama kambale.

"Anza na pete," anasema Mwantumu.
Ana miaka ishirini na mbili. Cherehani yake ipo barazani,
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Anapunguza suruali ya mtu huku ananifundisha
bila kunitazama.
"Minyororo minne, ifunge. Humo ndani simamisha nguzo,
tatu tatu, mara sita.
Kila penye kona, ongeza.
Penye kona tu, mzee, si popote roho inapopenda."

Nimefumua mara ngapi? Uzi umechakaa kabla ya kuvaliwa.
Jua la Januari limekalia bati,
sufu imenilalia mapajani kama paka mgonjwa,
na wapita njia hawana dogo:
"Mzee Semhando! Sweta, Tanga hii?
Unamvika nani, jiko?"
Namvika Mkiwa, mjukuu wangu, kidato cha kwanza, Lushoto,
ambako maji ya bomba asubuhi yanauma meno
na salamu inatoka kinywani na moshi wake.

Nilikuja na futi kamba, na penseli sikioni.
Nilitaka kuulizwa bega, kwapa, shingo.
Mwantumu akacheka:
"Hakuna kukata. Hakuna shingo.
Pembe sita mbili, basi."

Pembe sita nazijua.
Nimeziona kwenye sega la nyuki,
nimezikaza kwenye nati za mashine, spana kumi na saba,
zamu ya usiku, taa moja.
Lakini mtu hana pembe sita.
Nikanyamaza, nikazunguka.
Duru ya saba, ya nane, ya tisa,
na kitu kikaanza ubishi:
hakilali.
Nakibana huku, kinainuka kule,
kama mkeka ulioloa ukaanikwa vibaya.
Nikajua nimeharibu. Nikatafuta ncha nifumue.

"Acha."
Ameinuka kwenye cherehani, mara ya kwanza tangu tuanze.
Akashika kona mbili, akakunja,
akavuta kidogo, kama mtu anayemnyoosha mtoto kanzu,
mara kuna mkono.
Mkono! Na kwapa lake,
na nusu ya kifua, na nusu ya mgongo.
Nikapitisha ngumi ndani, ikatokea upande wa pili,
nikaitazama kana kwamba ni ya jirani.
"Ndiyo maana hakilali," akasema, amekwisha kurudi kwenye suruali.
"Kingelala kingekuwa kitambaa cha meza."

Cha pili nilikifuma siku nne, kwa kiburi,
sikuhesabu, nikiongea na kila apitaye.
Nikaviunga mgongoni kwa mshono wa magunia,
ndio ninaoujua.
Vifungo vitano: vinne vya kahawia,
kimoja cheusi, cha mteja aliyeacha suruali asirudi.
Alhamisi nikampa kondakta wa basi la Lushoto,
mfuko nimeufunga fundo la kiwandani,
lile lisilofunguka ila kwa kisu.

Jumapili simu ikaita, simu ya matroni,
na Mkiwa akasema haraka kama anayelipia kila neno:
"Babu, mkono wa kushoto umepita vidole."
Nikamwambia arudishe, nifumue.
"Hapana! Usiku nikishika kitabu
mkono huo hausikii baridi.
Nitumie uzi nirefushe na wa kulia.
Nifundishe tu unaanzia wapi."

Nimekwenda dukani kwa Mpemba.
Kijani ile imekwisha.
Ipo njano.
Nimesimama pale nayo mkononi
nikitafuta namna ya kueleza nguzo kwenye simu.